Kutoka Mbeya hadi kiti cha kulia: namna ya kupita mafunzo ya rubani mpya katika shirika la ndege

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songea ambaye amekwisha kumaliza chuo cha urubani, ana leseni ya urubani wa biashara mkononi, na sasa ameitwa na shirika la ndege kuanza mafunzo ya rubani msaidizi, yule anayekaa kiti cha kulia kando ya kapteni wa kushoto. Anayetaka kujua namna ya kuwa rubani tangu mwanzo ana safari nyingine, ndefu zaidi na ya gharama kubwa zaidi, ambayo siielezi hapa. Nazungumza na yule mwenye saa 200 na ushei katika daftari lake la urukaji, aliyezoea Cessna 172 ya mafunzo, au aliyekaa mwaka mmoja na nusu akirusha Caravan, ndege ndogo ya rubani mmoja, ya kupeleka watalii Msembe kule Ruaha, na ambaye anadhani kwamba kwa kuwa ameitwa, lililobaki ni kujifunza vitufe vya ndege kubwa zaidi.

Vitufe vipo, na ni vingi. Hata hivyo, katika miezi mitatu hadi sita ya mafunzo hayo, jambo ambalo shirika linataka kulijua ni kama unaweza kukaa kando ya mtu ambaye hukuwahi kumwona, mwenye umri wa baba yako, mkafanya kazi kana kwamba mmefanya pamoja miaka kumi, na kama siku akikosea utamwambia kwa sauti inayosikika. Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua mimi, na kwa niliyoyaona kwa wenzangu wa kwetu, linatusumbua wengi.

Kabla hujaondoka nyumbani

Anza na karatasi, kwa sababu ndizo zinazowarudisha watu nyumbani kabla hata ya siku ya kwanza darasani. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho kwa rubani aliye chini ya miaka 40 hudumu miezi 12, kisiwe kinakaribia kwisha katikati ya mafunzo. Ukiona kimebakiza miezi miwili, kapime upya mapema. Kiwango chako cha Kiingereza cha usafiri wa anga kiwe kimeandikwa kwenye leseni, na kama ni kiwango cha nne kumbuka kwamba hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Kama ulisomea nje ya nchi, hakikisha leseni yako imekwisha kubadilishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, maana shirika halitakusubiri ukimaliza mitihani ya sheria za anga ambayo ungeweza kuimaliza ukiwa bado uko kwenu. Jumlisha upya saa zako zote kwa kalamu na kikokotoo, ukurasa kwa ukurasa. Jumla zisizolingana katika daftari la urukaji humfanya mkaguzi ajiulize ni nini kingine hakilingani.

Halafu upo mkataba. Idhini ya kurusha aina fulani ya ndege, ambayo marubani wote huiita taipu reitingi, ina gharama kubwa, kwani saa moja tu ya simuleta, mtambo unaoigiza ndege, hulipiwa mamia ya dola, na kwa hiyo mashirika mengi hukulipia kisha hukufunga kwa miaka kadhaa: ukiondoka kabla, unalipa kilichobaki. Si dhuluma, ni biashara, lakini usome kila kipengele pamoja na mtu anayejua sheria, hasa kile kinachosema nini kitatokea ukishindwa mtihani, na kile kinachomhusu mdhamini. Mzee wako akiombwa kuweka sahihi ya udhamini, mweleze kwa lugha nyepesi anachokidhamini. Ulizia pia posho ya kipindi cha mafunzo, kwa sababu mshahara kamili kwa kawaida huanza baada ya kufuzu, na chumba cha Dar es Salaam hakilipwi kwa matumaini.

Jambo la mwisho la nyumbani litawashangaza baadhi ya wasomaji: jifunze kuogelea. Sisi wa nyanda za juu, tukiwatoa ndugu zetu wa Kyela na Matema waliokulia kando ya Ziwa Nyasa, wengi tumekulia kwenye baridi na mito ambayo maji yake hayakaribishi mtu. Katika mafunzo ya dharura utavaa jaketi la uokoaji, utaingia kwenye bwawa, utapanda boya la kuokolea huku ukimvuta mwenzako. Nimemwona kijana mrefu, mwenye nguvu za kubeba gunia la viazi, akitetemeka ukingoni mwa bwawa kama mtoto anayeogeshwa alfajiri ya mwezi wa sita. Mafunzo machache ya bwawani kabla ya kuondoka yangemwokoa na aibu hiyo.

Wiki za darasani

Wiki za kwanza hazina ndege ndani yake. Utasomeshwa taratibu za shirika, yaani vitabu vinavyoeleza nani anaamua nini, muda wa kazi na wa mapumziko, mafuta ya chini kabisa ya kubeba, hali ya hewa ambayo chini yake hamruhusiwi hata kujaribu kutua. Utasomeshwa usalama wa viwanja, huduma ya kwanza, kuzima moto ukiwa umevaa kofia ya moshi, kufungua milango mizito ya ndege, na bidhaa hatari. Hapo ndipo utakapojifunza kwamba shehena ya parachichi kutoka Rungwe haimtishi mtu, bali katoni ndogo ya betri za lithiamu iliyoandikwa vibaya inaweza kuzuia ndege isiondoke. Haya yote yanachosha, na mitihani yake si migumu kwa anayesoma. Yasome tu.

Kazi kubwa ya darasani ni mifumo ya ndege yenyewe: umeme, mafuta, haidroliki, hewa ya ndani, kuzuia barafu, injini na pangaboi zake. Ukienda kwenye ATR au Dash 8, ambazo ndizo ndege za pangaboi zinazojulikana zaidi katika njia zetu za ndani, utakutana na michoro ya umeme inayofanana na ramani ya mitaa ya Mwanjelwa. Alama ya kufaulu kwa kawaida ni asilimia 75, na mtu anaweza kuifikia kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita. Usifanye hivyo. Njia niliyoiona ikifaa ni kuchora: soma mfumo mmoja, funga kitabu, chukua karatasi tupu, uuchore kwa kichwa, kisha ujiulize, "Jenereta hii ikifa, nini kinazimika, na nini kinabaki hai?" Kama huwezi kujibu kwa kuutazama mchoro wako, bado hujausoma. Katika simuleta hutaulizwa swali la kuchagua herufi; taa itawaka, na mtu wa kushoto atakuuliza maana yake.

Pamoja na mifumo kuna vitu viwili ambavyo havina mjadala, vinakaririwa neno kwa neno: mipaka ya ndege, kama kasi za juu na uzito, na hatua za dharura za kufanywa bila kusoma popote. Kariri kwa sauti ukiwa unatembea, ukifua, ukisubiri daladala. Kinachosemeka ukiwa umekaa tu hupotea pale moyo unapoanza kwenda mbio.

Kokpiti ya karatasi

Sehemu hii naomba uisome taratibu, kwani ndiyo iliyo mikononi mwako kabisa na haikugharimu zaidi ya nauli ya kwenda stesheneri. Ukishajua utaenda kwenye ndege gani, tafuta bango la kokpiti yake, yaani chumba cha marubani, lichapishwe kwa ukubwa unaokaribia ule halisi, ulibandike ukutani, na uweke kiti mbele yake. Kaa upande wa kulia. Kila siku fanya mtiririko wote wa kuandaa ndege: mkono unaenda kwenye swichi, mdomo unaitaja, jicho linathibitisha, kisha unasonga mbele. Mwanzoni utajiona kichekesho. Baada ya wiki tatu mkono utaanza kwenda wenyewe, na hapo ndipo unapotaka kufika, kwa sababu simuleta ni ghali mno kuwa mahali pa kutafutia swichi.

Mimi nililibandika langu katika chumba cha nyuma nyumbani, Uyole, mwezi wa sita, nikiwa nimejifunika blanketi mabegani. Hakukuwa na rubani mwingine wa kunisaidia, basi nikamwomba mdogo wangu, wakati huo yuko darasa la sita, anisomee cheklisti, ile orodha ya mambo ya kukagua. Alikuwa haelewi hata neno moja kati ya yale aliyoyasoma, na matamshi yake yalikuwa ya Kiingereza cha shule ya msingi, lakini alielewa kanuni: yeye anasoma, mimi naangalia, nagusa, najibu, ndipo anasoma linalofuata. Siku ya nne nilijibu kabla sijatazama. Akanyamaza. Nilipogeuka kumharakisha, akasema, "Kaka, hujaangalia. Umesema tu."

Nilimwambia aendelee kusoma. Alikataa mpaka niliporudia. Nakuomba uikumbuke picha hiyo, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyejikunja kwenye ndoo iliyopinduliwa akimkatalia kaka yake, kwa sababu tutaihitaji tukifika kwenye simuleta.

Neno moja kwa waliotoka kwenye Caravan. Ninyi mna faida ya kuijua hewa ya nchi hii, vumbi la viwanja vya mbugani na mawingu ya alasiri, na wakufunzi hulithamini hilo. Lakini mmezoea kuwa peke yenu: unaweka redio mwenyewe, unarusha mwenyewe, unaamua mwenyewe, unaikamilisha cheklisti moyoni. Katika ndege ya marubani wawili, yule anayerusha haruhusiwi kushika kila kitu, naye mwenzake anayefuatilia vipimo si abiria. Mkono wako ukienda kwenye swichi ya mwenzako, hata kama umeenda kwa usahihi, umekosea. Mwenzangu mmoja mwenye saa nyingi kuliko mimi aliteseka kwa sababu hiyo tu. Alikuwa mwepesi mno, na kapteni wake hakuwahi kujua ndege imewekwaje.

Simuleta

Kwa ndege za abiria, marubani wengi wa kwetu huvuka mpaka kwenda kwenye simuleta: Addis Ababa, Nairobi, Johannesburg, au Toulouse kwa wa ATR, kutegemea ndege na mkataba wa shirika. Ni chumba kilichosimama juu ya miguu sita ya kusukuma, chenye kokpiti kamili ndani na picha ya dunia mbele ya vioo, na kikianza kutikisika mwili husahau kwamba upo ndani ya jengo. Kipindi kimoja kwa kawaida ni saa nne, mkiwa wawili: saa mbili unarusha wewe, saa mbili unafuatilia. Kabla yake kuna maelezo ya zaidi ya saa moja, baada yake mapitio. Vipindi vinaweza kuwa vinane au kumi, na kwa kuwa mtambo ni ghali haulali, hivyo usishangae kupangiwa saa nane usiku. Jifunze kulala mchana mapema.

Siku mbili za mwanzo ni za kawaida: kuwasha, kupaa, kuzunguka, kutua. Kisha injini huanza kufa, nazo hufa pale pabaya zaidi. Niieleze hii moja kwa karibu, maana utaifanya mpaka uiote.

Mnakimbia kwenye njia ya kurukia. Anayefuatilia anataja kasi ya uamuzi, V1. Baada ya hapo hakuna kusimama, na anayerusha huondoa mkono kwenye nyenzo za nguvu ili asishawishike. Injini moja inazimika. Pua ya ndege inavutwa upande wa injini iliyokufa kama punda aliyekata shauri. Mguu wa upande mzima unakanyaga, kiasi cha kuurudisha mstari wa katikati na si zaidi. Kasi ya kunyanyua inatajwa, unanyanyua polepole kuliko kawaida, ndege inapanda kwa shida, unaagiza magurudumu yapandishwe. Na kisha, hili ndilo gumu, hamfanyi kitu. Mashirika mengi hutaka msiguse injini yoyote mpaka mfike futi 400 au zaidi juu ya uwanja. Mnarusha tu. Zile sekunde ni ndefu kama ibada ya mkesha.

Mkifika, anayefuatilia anaweka mkono juu ya wenzo anaodhani ni wa injini iliyokufa, anautaja, na anasubiri. Mwenzake anatazama, anathibitisha kwa neno, ndipo wenzo unavutwa. Wanafunzi wengi huona kusubiri huko ni sherehe tupu. Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72 ya shirika la TransAsia ilipoteza nguvu za injini moja mara baada ya kupaa Taipei. Katika haraka, injini iliyopunguzwa na kuzimwa ilikuwa ile nzima. Kati ya watu 58 waliokuwemo, 43 walikufa. Mkufunzi atakayekurudisha mwanzo kwa sababu ulivuta wenzo nusu sekunde kabla ya mwenzako kujibu hakuonei.

Kuhusu mapitio ya baada ya kipindi, shauri langu ni fupi: andika, usijitetee. Mkufunzi akikuuliza kwa nini kasi ilishuka, jibu "Sikuitazama" lina thamani kuliko hadithi ya dakika tano kuhusu upepo. Kipindi kibaya kinampata kila mtu, kwa kawaida cha nne au cha tano, na shirika hutazama zaidi kama kosa la jana limerudi leo. Mwenzako wa simuleta naye si mshindani wako. Akianguka yeye, ratiba yako inavunjika pia. Mkae jioni mbele ya bango, mfanye makosa yote ya siku ile upya.

Kusema

Sasa nifike kwenye jambo langu. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hasahihishwi mbele ya watu, na kwamba ukiona amekosea, unatafuta wakati na maneno ya kuzunguka. Ni malezi mazuri; siombi mtu ayaache. Lakini ndege inayoshuka kwa futi 800 kila dakika haina wakati wa kuzunguka.

Katika kipindi cha sita, mkufunzi wangu, mzee wa Kikenya aliyestaafu urubani, alikaa kushoto mwenyewe akajifanya kapteni. Aliweka ukungu, akashuka kuelekea uwanja, akafika kwenye kimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa bila kuiona njia ya kurukia, akaendelea kushuka. Nilikiona kimo. Nilisema kitu kama, "Samahani Kapteni, naona kama tuko chini kidogo." Akaendelea. Mimi nikanyamaza, nikifikiri labda ameona nisichokiona. Akanyoosha mkono akaisimamisha simuleta hewani. Kila kitu kikatulia, sindano zimeganda, na nje ya kioo ukungu mweupe.

"Kijana, uliona kimo?"

"Niliona, Kapteni."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Ulinong'ona," akajibu. "Tena uliniomba samahani kwa kosa langu."

Usiku ule nilimkumbuka mdogo wangu na ndoo yake. Yeye hakusema "naona kama". Alisema hujaangalia, na hakusoma mstari uliofuata.

Mafunzo ya ushirikiano wa marubani, ambayo leo ni lazima kila mahali, yalizaliwa kutokana na ukimya wa namna hii. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ardhini katika ukungu, wakafa watu 583. Kapteni wa KLM alikuwa mkufunzi mashuhuri katika shirika lake. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Alijibiwa kwa uhakika kwamba imetoka, naye hakuuliza tena. Mwaka uliofuata, Desemba 1978, ndege ya United iliishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani, wakati kapteni akishughulikia tatizo la magurudumu, ilhali wenzake walijua mafuta yanakwisha na walikuwa wamelitaja jambo hilo bila mkazo wa kutosha. United ilianzisha mafunzo hayo mwaka 1981, na mashirika mengine yakafuata.

Namna ya kusema inafundishika, na mimi naifanya kwa ngazi. Kwanza taja namba, bila rai: "Kapteni, kasi imezidi noti 15," noti moja ikiwa maili moja ya baharini kwa saa. Namba haina utovu wa adabu. Akikaa kimya au akijibu bila kurekebisha, pendekeza tendo: "Napendekeza tupae tena." Akiendelea, agiza: "Kapteni, paa tena." Na kama bado, utaratibu wa shirika unakupa haki ya kuchukua usukani, nawe utauchukua. Haya husemwa kwa Kiingereza cha kokpiti, maneno yaleyale yaliyoandikwa kitabuni, na hiyo ni nafuu kubwa kwetu: ni rahisi kumwambia mzee neno la kitabu kuliko kumtafutia neno la Kiswahili lenye heshima ya kutosha. Asubuhi mkikutana mwamkie, "Shikamoo Kapteni," upokee marahaba yako, umbebee hata begi kama ndivyo ulivyolelewa. Mlango wa kokpiti ukifungwa, heshima yake ni namba sahihi kwa wakati wake. Makapteni wazuri hulisema hilo wenyewe kabla ya kuwasha injini; wako asipolisema, muulize, "Ukitoka nje ya mipaka, nikutajie vipi?" Swali hilo limenifungulia mazungumzo mengi.

Ndege yenyewe, na Songwe

Ukifaulu mtihani wa simuleta utapelekwa kwenye ndege halisi isiyo na abiria, upae na kutua mara kadhaa, kwa kawaida sita. Ni asubuhi moja, inapita upesi, na utafurahi. Kisha huanza mafunzo ya njiani: abiria wako nyuma, kapteni mkufunzi yuko kushoto, na katika miruko michache ya mwanzo kuna rubani wa tatu kwenye kiti cha nyuma wa kuokoa jahazi ukizidiwa. Miruko ya namna hii huwa 40 au zaidi, kutegemea shirika na wepesi wako.

Hapa mtu wa kwetu ana bahati, kwa sababu Songwe, uwanja uliofunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa mjini Mbeya, ni darasa tosha. Njia yake ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu, basi urefu si tatizo. Tatizo ni kimo. Uwanja uko takriban futi 4,400 juu ya usawa wa bahari, na aliyezoea Dar es Salaam husahau kwamba lile lango la futi 1,000 juu ya uwanja, ambapo ndege lazima iwe imetulia kwa kasi, mwelekeo na magurudumu, liko kwenye futi 5,400 za altimita, yaani kipimo cha kimo. Andika namba hiyo kwenye karatasi yako kabla ya kuanza kushuka.

Fanya na hesabu ya joto. Alasiri ya Oktoba, nyuzi 28, hewa ya Songwe ni nyepesi kama ya futi 7,000 hivi. Kipimo cha kasi kikisoma noti 100, ndege kwa kweli inapita hewani kwa noti 111 hivi. Na kwa kuwa nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, breki zina kazi zaidi kwa karibu asilimia 23 kuliko usawa wa bahari katika hewa ya kawaida. Injini nazo zinatoa nguvu pungufu, huku Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, na safu za Uporoto zikiwa jirani. Ndiyo maana kuna siku uzito hupunguzwa na mzigo wa mtu hubaki. Abiria atalalamika kaunta. Wewe uwe umeielewa hesabu.

Kisha ukungu. Kuna asubuhi unafika juu ya Songwe, anga ya juu ni ya buluu, kilele cha Rungwe kinaonekana kama kisiwa, na chini bonde lote limejaa maziwa. Mama yangu aliwahi kuwa pale chini akisubiri kumpokea dada yake niliyekuwa nimembeba, anaisikia ndege ikizunguka na haioni. Mkufunzi aliniuliza jambo moja tu: "Tunaweza kusubiri mpaka saa ngapi?" Jibu halitafutwi hapo, linakuwa limeandikwa kabla ya kuondoka. Mafuta ya kufika, mafuta ya kwenda uwanja mbadala, iwe Dodoma au kurudi Dar es Salaam, na akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo haiguswi. Kinachozidi hapo ndicho muda wako wa kusubiri. Siku ile kilikuwa dakika 18. Tulisubiri 18, tukaondoka.

Na usichanganye saa. Ratiba, hali ya hewa na mipango yote ya anga huandikwa kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, nasi nyumbani tunahesabu Kiswahili. Mtu hugeuza mara mbili akakosea. Njia fupi niliyoigundua ni hii: chukua saa ya dunia, toa tatu, unapata saa ya Kiswahili; jibu likizidi 12, toa 12. Saa 0400 ya dunia ni saa 1 asubuhi. 1200 ni saa 9 alasiri. Ikiandikwa 0100, ongeza kwanza 12, utoe tatu: saa 10 alfajiri, na uwe umeshaoga.

Ukaguzi wa mwisho wa njiani ni mruko wa kawaida na kapteni mwingine, ambaye hatakusaidia wala kukutega. Ukifaulu, jina lako linaingia kwenye ratiba kama rubani msaidizi kamili, mshahara unabadilika, na ukapteni, unaohitaji leseni ya juu yenye angalau saa 1,500, utaanza kuuona kwa mbali. Baada ya miezi sita utarudi simuleta kupimwa, na kila miezi sita baadaye. Tarehe hiyo iandike kwenye simu siku hiyohiyo ya kufuzu, na bango usiling'oe ukutani. La kwangu bado liko Uyole, limefubaa pembeni. Nikienda likizo mdogo wangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, hulitazama kwanza kabla ya kunisalimu vizuri, kisha huuliza cheklisti iko wapi.